Bukuru Niliyemtunga

Mkuu wa idara ya Historia, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe na ambaye hadi leo mwandiko wake unalala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na mvua, ameniomba niwaandikie ninyi walimu wapya kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kazi. Nadhani alitaka niwaeleze namna ya kumaliza mtaala kabla ya mtihani. Sikuwahi kuumaliza. Madaraja nilipanda kama wengine, kwa kuchelewa, na hapo pia sina la kuwafundisha. Nitawaeleza jinsi nilivyoanza kufundisha historia kwa hadithi za kubuni, na jinsi hadithi ya kwanza kabisa ilivyonitia aibu ambayo mpaka leo naishukuru.

Nilizaliwa Tanga, nyumba chache kutoka kwenye mashamba ya mkonge, na barua yangu ya kwanza ya kituo cha kazi ilisema Kasulu. Nilikwenda kwa treni mpaka Kigoma, kisha kwa lori la mabati na chumvi lililopanda vilima likinung'unika njia nzima. Mlinzi wa shule, mzee mwenye koti refu, aliponiona nashuka aliinama kidogo akaanza kupiga makofi polepole. Niligeuka nyuma kuona ni nani anayeshangiliwa. Hapakuwa na mtu. "Mwakeye," akasema, akiendelea kupiga na kunitazama mikono. Ndipo nikaelewa kwamba ile ilikuwa salamu na zamu ilikuwa yangu. Nikapiga. Nafikiri nilipiga kama mtu aliyekaa kwenye taarabu, maana alicheka mpaka akakohoa.

Kipindi changu cha kwanza kilikuwa kidato cha tatu, mada ni vibarua wa wakati wa ukoloni. Kitabu kilikuwa na sentensi moja kuhusu mkoa ule: kwamba watu wa Kigoma walikuwa miongoni mwa waliopelekwa kufanya kazi ya mkataba kwenye mashamba ya mkonge. Sentensi moja, tena kwa Kiingereza. Nyumbani wale watoto walisema Kiha, sokoni na uwanjani Kiswahili, na darasani walitakiwa kujijua wao wenyewe kwa lugha ya tatu. Niliiandika ubaoni, wakainakili kwa mwandiko mzuri. Wiki iliyofuata nikawapa jaribio: eleza madhara ya kazi ya mkataba kwa jamii walikotoka vibarua. Msichana mmoja aliyekaa dawati la mwisho, Eliza, mwenyeji wa Rungwe Mpya, aliandika neno moja tu: walichoka. Nilimpa sifuri. Leo ningempa nusu ya alama, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kulipinga.

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa chuo. Alikuwa Mzee Nyabenda, mwalimu mkongwe wa Historia, mtu wa Kasulu, mrefu, asiyeachana na mwavuli hata kiangazi. Alinikuta ofisini nasahihisha zile karatasi nikiwa nimekunja uso.

"Umewaambia nini hao watoto?" akauliza.

"Kazi ya mkataba, Mzee."

"Ndiyo, lakini umewaambia alikwenda nani?"

"Watu wa Kigoma."

"Watu wa Kigoma hawajawahi kwenda popote," akasema, akiketi. "Alikwenda mtu. Ana mama yake, ana goti linalouma, ana mbuzi aliyemwachia ndugu yake. Mtafute huyo kwanza. Mwaka utakuja wenyewe."

Maneno yale sikuyasahau usiku ule wala miaka yote iliyofuata. Nilijiuliza mtu wangu nitampata wapi, na nikakumbuka kwamba nilikuwa naye tangu utotoni. Kwetu Tanga palikuwa na mzee aliyekuja zamani akiwa manamba, ndivyo walivyoitwa vibarua wa mkataba, na mkataba ulipokwisha hakurudi kwao. Alikuwa akija kwa mama kuomba maji ya kunywa. Viganja vyake vilikuwa na madoa meusi ya miiba ya mkonge iliyoingia chini ya ngozi isitoke tena. Sisi watoto tulimwita Mzee Muha, basi, kama vile Uha mzima ulikuwa umekuja kukaa kwenye ile benchi ya mama.

Nikaandika. Jina la kijana wangu nililitoa kwenye daftari la mahudhurio: Bukuru. Lilikuwa limejirudia mara tatu katika mikondo miwili, nikaona ni jina la wenyeji na lina sauti nzuri. Nikamweka upande wa Rungwe Mpya, nikampa mama mjane na shamba la mihogo, nikamleta wakala wa kuandikisha vibarua na blanketi jekundu. Nikampandisha treni. Nikamfikisha Tanga kwenye joto na mistari ya mkonge isiyo na mwisho, nikamchoma miiba ninayoijua. Mwishoni nikamuua kwa homa. Wenzake walimzika nyuma ya kambi, wakatundika juu ya msalaba kile kipande chake, kadi waliyokuwa wakiandikiwa siku za kazi, ikiwa imebaki na siku nne tu kujaa. Nililia nilipoandika aya ile. Jihadharini na aya inayowaliza wenyewe.

Vijana wa leo mnachapa kwa simu, kwa hiyo niwaeleze kidogo. Tulikuwa na mashine ya kurudufu yenye mpini wa kuzungusha, wanafunzi wakiiita kinu kwa sababu ya kelele na kwa sababu kila aliyeitumia alitoka ametapakaa, ila kwa wino badala ya unga. Unapiga maandishi kwenye stensili, karatasi ya nta, kwa taipu isiyo na utepe, ukikosea unapaka dawa nyekundu, unapuliza, unapiga tena. Karatasi zilikuwa chache na ziliibwa. Kwa hiyo Mkuu wa Shule aliweka utaratibu kwamba kila kinachotoka kwenye mashine kipigwe muhuri wa shule, uwe mtihani au barua, vyote sawa. Hadithi yangu nayo ikapigwa muhuri, nakala ishirini, chini kabisa, palepale Bukuru alipozikwa.

Mzee Nyabenda alikuwa Kibondo wiki ile, akimuuguza dada yake hospitali, kwa hiyo hakuisoma. Angeisoma, kila kitu kingebadilika.

Ijumaa mchana niliisoma kwa Kiswahili kwenye klabu ya historia. Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, na nimepata madarasa yaliyokaa kimya kwa woga, kwa njaa, kwa usingizi. Kimya cha siku ile kilikuwa kingine. Nilipomaliza, Eliza wa dawati la mwisho akanyoosha mkono na hakuushusha.

"Madam, mama yake alijuaje kwamba amekufa?"

"Hakujua."

"Sasa aliendelea kumpikia?"

Akauliza tena kama wakala alikuwa akilipwa kwa kichwa, kama waliokataa walifanywa nini, kama chifu naye alikuwa upande wa nani, na kabla kengele haijalia wengine watano walikuwa wamekifungua kile kitabu cha Kiingereza wanatafuta. Hapo ndipo nilipolielewa jambo ambalo nimeishi nalo. Kitabu kinamwambia mtoto kilichowapata watu elfu. Mtoto wa miaka kumi na sita hajawahi kuwa elfu. Lakini ameshawahi kuachwa, ameshawahi kumngoja mtu barabarani, na ukimpitisha kwenye mlango huo ataingia mwenyewe ndani kutafuta mwaka, sheria na kodi. Eliza aliomba nakala aende nayo nyumbani wikiendi. Nilimpa kwa fahari.

Jumatatu niliitwa ofisini kwa Mkuu. Walikuwapo watu wawili. Mmoja alikuwa Festo, baba yake Eliza, mkulima aliyevaa koti la kanisani. Mwingine alikuwa mama yake Festo, bibi mdogo wa umbo, amekaa ukingoni mwa kiti kama anayekiazima. Magotini alishika hadithi yangu, imekunjwa ndani ya kitambaa cheupe. Alinipigia makofi, nikampigia, safari hii vizuri.

Festo ndiye aliyesema. "Madam, tumekuja kwanza kushukuru. Huyu mama yangu anaitwa Butoyi. Kaka yake ni Bukuru. Alikwenda kukata mkonge huko kwenu mimi sijazaliwa, na tangu siku hiyo hatujapata hata salamu. Ijumaa mtoto ameleta karatasi ya shule. Tumesoma yote. Sasa mama anaomba jambo moja tu: umwelekeze hilo kaburi liko kambi gani."

Mkuu wa Shule alinitazama, kisha akautazama muhuri wake chini ya karatasi, kisha akaangalia dirishani kama mtu anayehesabu kunguru.

Ningeweza kusema palepale. Sentensi ilikuwa fupi. Lakini bibi yule alikuwa ananiangalia kwa shukrani ambayo sikuwahi kuangaliwa nayo na mtu mzima, na nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Nikasema, "Nitawaulizia nikienda likizo." Walipiga makofi tena wote wawili, wakaondoka. Mkuu akafunga mlango. "Madam," akasema kwa sauti ya chini, "huo muhuri ni wa serikali."

Jumatano Eliza alinifuata nje ya darasa. Aliniambia bibi yake amenyoa nywele. Miaka yote hiyo hakuwahi kumlilia kaka yake, kwa sababu hapakuwa na habari ya kulilia. Sasa habari imekuja na muhuri. Jumamosi ingekuwa siku ya kumaliza msiba: katekista amealikwa, ndugu wameitwa mpaka wa Kibondo. Alisema haya yote kwa furaha ya mtoto ambaye kwa mara ya kwanza masomo yake yamefaa kitu nyumbani. Nikaenda kukaa kwenye chumba cha mashine.

Mzee Nyabenda alikuwa amerudi. Nilimpa karatasi, nikamweleza. Aliisoma amesimama, na alipolifikia jina alifumba macho.

"Bukuru huyu umempata wapi?"

"Kwenye daftari la mahudhurio. Nimeona wapo watatu."

"Wapo watatu kwa sababu mama watatu wamejifungua mapacha. Pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili Butoyi. Kila kijiji hapa kina Bukuru. Na kutoka kila kijiji walikwenda watu kwenye mkonge. Wewe umeandika barua ya msiba kwa wilaya nzima, ikafunguliwa na nyumba moja."

"Nifanye nini, Mzee?"

Akauchukua mwavuli wake. "Umemuua mtu. Jumamosi tunakwenda kumfufua."

Tulipata lori lililokuwa likienda kuchukua maharage. Njiani Mzee aliongea na dereva habari za mbolea, mimi nikipanga sentensi zangu na kuzipangua. Nilijua kinachonisubiri: kama wangeenda kwa Afisa Elimu, kazi ingekwisha kabla sijamaliza hata muda wa matazamio. Lakini nakiri kwamba kilichonikaba si kazi. Ni kile kichwa kilichonyolewa.

Nyumbani kwa Festo watu walikuwa wamejaa. Sufuria tatu motoni, migebuka, samaki wa ziwani, imekaangwa, pombe ya ndizi imefunikwa kwa majani. Eliza alinikimbilia akanipokea mkoba. Walitupisha mpaka mbele, nikawekewa kiti karibu na Bibi Butoyi kama mgeni wa heshima. Nilikataa kukaa.

"Bibi," nikasema, "Bukuru aliye kwenye karatasi hayupo. Nimemtunga mimi. Sijawahi kuona kaburi lake, sijui kama kaka yako amekufa. Siku ile ofisini niliogopa kukuambia."

Mzee Nyabenda akatafsiri kwa Kiha. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyosema, na hadi leo sijui aliongeza nini. Nilimwona Eliza pembeni, uso wake ukishuka taratibu, mkoba wangu bado kifuani mwake.

Festo ndiye aliyelipuka. "Ametunga? Na muhuri?"

"Muhuri unapigwa kwenye kila karatasi, ili zisiibiwe."

"Madam, sisi hapa karatasi yenye muhuri ikija tunahama. Tunapisha barabara. Tunapeleka watoto sindano. Wewe umemgongea muhuri mjomba wangu amekufa, halafu unatuambia ulikuwa unacheza?"

"Festo, mwache mwalimu," sauti moja ikasema. "Amekuja mwenyewe, hakukamatwa."

"Aje mwenyewe, asije, mama yangu amenyoa!"

Kisha jirani mmoja mnene, mwiko mkononi, akauliza kwa unyenyekevu kabisa: "Kwa hiyo msiba umeahirishwa, au tunaendelea? Maana migebuka imeshaiva." Mtu akacheka nyuma, akajifunika mdomo. Katekista akakohoa. Wote wakamgeukia Bibi Butoyi.

Bibi alikuwa amekunjua karatasi yangu magotini. Hakujua kusoma, lakini aliigusa mistari kwa kidole, mmoja mmoja. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha pole pole.

"Bukuru wako hana Butoyi. Amezaliwaje?"

"Sikujua, Bibi. Nilidhani ni jina tu."

"Ehe." Kidole kikasogea. "Miiba ya kwenye mikono. Hiyo nayo umetunga?"

"Hapana. Hiyo nimeiona. Kuna mzee jirani yetu Tanga, alikuwa manamba."

"Muha?"

"Muha."

"Anaitwa nani?"

Nikasema kwamba sikujua, tulimwita Mzee Muha tu, na kwamba alikufa nikiwa darasa la sita.

"Alikunywa maji kwenu," akasema Bibi, bila hasira yoyote, "na hamkumuuliza jina."

Katika kazi yangu nimekaguliwa mara nyingi na wakaguzi wenye mafaili. Hakuna aliyewahi kunikagua hivyo.

Kidole kikaenda mbele. "Hili blanketi?"

"Walipewa blanketi, ni kweli. Liko kwenye kitabu."

"Jekundu?"

"Jekundu nimesema mimi."

"La kijivu," akasema. "Nililishika. Siku aliyolileta alinifunika nalo kwanza mimi, akasema onja joto lake. Asubuhi akalichukua akaenda." Festo alimgeukia mama yake, na kwa uso wake nilijua hajawahi kulisikia hilo. Kisha kidole kikafika chini, kwenye msalaba na muhuri. "Na hapa umemuua."

"Ndiyo, Bibi."

"Mtoe. Huwezi kumuua mtu ambaye hujui yuko wapi. Mwandike akienda, basi. Pale ulipojua wewe na pale nilipojua mimi, tunaishia hapo." Akapitisha kiganja kichwani, akasema jambo kwa Kiha lililowafanya wanawake wote wacheke, na Mzee Nyabenda alinitafsiria baadaye: kwamba nywele si tatizo, na isitoshe alikuwa anawashwa. Akamwambia mwenye mwiko apakue. Katekista akaombea chakula na wasafiri wote walio njiani, akaliacha jina. Tukala. Eliza hakuniongelesha mpaka tunaondoka, ila alinirudishia mkoba akiwa ameweka ndani yake mihogo miwili ya kuchoma, na hapo nikapumua.

Mkuu wa Shule alitaka hadithi zikome. Mzee Nyabenda alikwenda kumwona na mwavuli wake, wakakaa saa nzima, na masharti yakatoka: hadithi ziendelee, bila muhuri, na kila hadithi iwe na ukurasa wa mwisho ambao mwandishi anakiri. Kweli upande huu, kubuni upande ule, na kwa kila kilicho kweli aseme amekijuaje. Nilidhani ukurasa ule ungeua utamu. Ukawa ndio utamu wenyewe. Wanafunzi waliuita Kumkamata Madam. Nilianza kuacha makosa makusudi, nao wakaanza kukamata hata nisiyoyakusudia. "Madam, dumu la plastiki wakati wa Wajerumani?" "Madam, mwezi wa saba umenyesha mvua, kwetu mwezi wa saba vumbi tupu!" Mmoja alimleta babu yake mzima mpaka darasani kuthibitisha kwamba nimekosea njia ya kwenda kwenye chumvi ya Uvinza, na babu akakaa vipindi viwili, akinisahihisha hata mambo ambayo sikuwa nimeyasema. Kwa nini walisoma vitabu ambavyo jana walivitumia kama mito? Kwa sababu sasa walikuwa na mtu wa kumkamata. Na wapo waliokosea upande wa pili, wakaandika wahusika wangu kwenye mtihani kama mashahidi, wakakosa alama. Kwa hao nililia kidogo, kisha nikakaza uzi kwenye ukurasa wa mwisho.

Hadithi ya Bukuru niliiandika upya na Eliza, na bibi yake akitutumia masahihisho kila mwisho wa mwezi. Bukuru sasa alikuwa na Butoyi. Blanketi lilikuwa la kijivu. Treni iliondoka Kigoma, na karatasi ikaishia hapo, theluthi nzima ya ukurasa ikiwa tupu. Kila mwaka darasa jipya lilipiga kelele: "Halafu, Madam?" Na kila mwaka nilijibu kwamba hapo ndipo wanapoanza kazi wao.

Baadaye nilihamishiwa Kibondo. Huko nilikuwa na wanafunzi ambao wazazi wao walitoka Burundi, wengine wamezaliwa kambini, na sasa ni Watanzania wenye mashamba na maduka yao. Wenzangu walinionya nisiguse. Nilikuwa nimeshajifunza kwa Bibi Butoyi, kwa hiyo sikuwaandikia hadithi yao. Niliwapa karatasi. Joselina, ambaye mama yake alikulia kambi ya Mtabila, alikuja kulalamika. "Madam, mama nikimuuliza safari yao anaanza kupepeta maharage." "Basi andika maharage," nikamwambia. Akaandika kurasa tatu za mwanamke anayepepeta maharage yaliyokwisha kuwa safi. Sijawahi kusoma kitu kama kile. Mama yake alikuja shuleni kuomba nakala, akauliza kwa upole kama inaweza isipigwe muhuri.

Na kila likizo iliyonifikisha Tanga nilitimiza ile ahadi niliyoitoa kwa woga. Nilikwenda kwenye kambi za zamani, nikauliza kwa wazee, nikaonyeshwa daftari zilizoliwa na mchwa na makaburi yenye namba bila majina. Nilipata akina Bukuru wawili. Mmoja alikuwa wa Kakonko na mwingine alikuwa kijana wa miaka thelathini, mjukuu wa manamba, mwendesha bodaboda, ambaye hakujua jina lake lina maana gani na alifurahi kuambiwa. Kila niliporudi nilikwenda Rungwe Mpya kutoa taarifa kwamba sina taarifa. Bibi Butoyi alipokea hiyo kama watu wanavyopokea habari, akauliza maswali, akanishukuru.

Mara ya mwisho ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Eliza, sasa mwalimu wa Historia na mama wa watoto watatu, alinipeleka. Bibi alikuwa mzee sana, kitandani muda mwingi, masikio yakiwa bado mazuri. Nilimweleza kambi niliyofika na wazee niliowakuta. Majina yao yote niliyataja, moja baada ya jingine, kwa sababu siku hizi nauliza. Kisha nikamkabidhi doti ya kanga niliyomnunulia Tanga sokoni.

Aliifunua, akaipapasa mpaka akaupata mshono wa katikati. Akaomba mkasi. Eliza akaikata vipande viwili. Kimoja Bibi alijitanda mabegani. Cha pili alikikunja mara nne, akakipiga-piga kikalala vizuri, akampa Eliza aweke kwenye sanduku chini ya kitanda.

"Bibi," Eliza akasema, "hizo ni kanga za kike. Babu Bukuru atavaaje?"

"Atajifunika tu," akasema Bibi, tayari amefumba macho. "Anatoka kwenye joto. Akifika hapa ataona baridi."